Usiku kwenye dungu: wageni wanaokuja kabla ya nguruwe

Ukimmulika nguruwe pori kwa tochi, macho yake hayawaki. Ng'ombe anawaka, mbuzi anawaka, fisi na paka ndio usiseme. Nguruwe utamwona mgongo tu, au hutaona kitu kabisa, utasikia bua la mtama likivunjika kwaa. Mimi jambo hilo nililijua msimu wa tatu wa kulala shambani. Misimu miwili ya mwanzo nilikesha nikipigia debe kila jicho lililong'aa, asubuhi najisifu nimefukuza nguruwe, kumbe nimewafukuza digidigi na punda wa jirani. Nguruwe mwenyewe alikuwa kule kona ya karanga, gizani, anakula kwa raha zake.

Maelezo haya ni ya mtu anayekwenda kukaa kwenye dungu, yaani lile jukwaa la juu la kulindia mazao, kwa mara ya kwanza, hasa katika mashamba yetu ya kanda ya kati yanayopakana na mapori. Chemba na Kondoa tuna Swagaswaga na Mkungunero. Manyoni na Itigi wana Rungwa, Kizigo na Muhesi, na nyuma ya hayo kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kijana akipewa dungu anafundishwa namna ya kumngoja nguruwe. Hakuna anayemwambia kwamba nguruwe huenda asije usiku huo, wala kesho yake, lakini wengine watakuja tu.

Dungu ninalolisema ni la kulinda, siyo la kuwinda. Tofauti yake unaweza kuielewa mahakamani, na ni vizuri uielewe kabla ya kufika huko. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa anayewinda, na nguruwe aliyekula karanga zako naye ni mnyamapori. Kujitetea unaruhusiwa, lakini mnyama akifa ni mali ya Serikali na taarifa lazima itolewe. Gobore la marehemu babu, waya wa breki ya baiskeli uliotegwa kichochoroni, sumu ndani ya boga: achana navyo. Waya hauchagui. Unamnasa tandala, mbwa wako mwenyewe, au mtoto aliyetumwa kuleta chai.

Hatua ya 1: Soma njia ndipo ujenge

Wengi huanza kwa kutafuta mti mzuri. Anza na njia. Asubuhi baada ya mvua, zunguka mpaka wa shamba taratibu ukitazama chini. Kwato za nguruwe ni butu na nene kuliko za mbuzi, na pembeni yake utaona udongo umefukuliwa kama aliyepita ana jembe. Nyayo za tembo hakuna wa kuzikosea: ni sahani, na ya mguu wa nyuma imeelekea kuwa ya mviringo mrefu. Tembo wana mazoea ya kurudi njia ileile, wakati mwingine waliyopita mama zao. Ukiikuta njia ya namna hiyo, usijenge juu yake wala karibu nayo. Sogea mbali, hata kama pale pana kivuli na panaona shamba lote.

Baada ya hapo upepo. Okota vumbi, liachie, uangalie linakokwenda. Huku kwetu upepo mara nyingi unavuma kutoka mashariki, lakini kila bonde lina tabia yake. Unataka harufu yako iende kijijini, isiende porini. Nguruwe haoni vizuri, ila pua yake inakusoma mpaka chakula ulichokula jana. Tembo ndiyo zaidi.

Sasa mti. Mbuyu unavutia kwa sababu ni mnene na una kivuli, lakini mbuyu wenye matundu ni nyumba ya kupanga: nyuki, bundi, kanu, na nyoka anayewafuata wote hao. Kaa chini yake saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa pili wa shina. Nyuki wanaorudi utawaona kama cheche zinazoingia tundu moja. Ukiwaona, hama. Nyuki akichokozwa na wewe uko juu ya ngazi, utachagua kuumwa au kuvunjika, na wengine hupata vyote viwili.

Mimi napendelea nguzo nne za miti migumu kuliko mti wenyewe. Mita tatu hadi nne kwenda juu zinatosha kwa nguruwe na fisi. Kwa chui hazitoshi, kwa sababu chui anapanda. Kwa tembo dume hazitoshi, kwa sababu mkonga unafika na nguzo anaweza kuziegemea. Kwa hiyo usipande juu ukajiona umehamia ghorofani. Fyeka majani hatua tano kila upande chini ya dungu, na ngazi iwe ya vidato vinavyoonekana gizani. Mimi hufunga kitambaa cheupe kidato cha mwisho, maana hicho ndicho kinachowaangusha watu.

Hatua ya 2: Panda jua likiwepo

Fika shambani kabla ya saa kumi na mbili. Gonga nguzo na sakafu ya dungu kwa fimbo, kung'uta nyasi za paa, inua mkeka kwa ncha ya fimbo, usiinue kwa mkono. Nge hupenda mikunjo ya shuka na viatu. Kuna ujanja mmoja: vile vitochi vya mwanga wa zambarau vinavyotumika dukani kukagua noti bandia, ukimmulika nge anang'aa kijanikibichi kama kibao cha matangazo. Ukikipata, ni kitu kidogo chenye faida kubwa.

Vitu vya kubeba siyo vingi. Tochi mbili, siyo moja. Firimbi. Debe na mchi wa kulipigia. Maji ya kutosha kunywa na kuosha kidonda. Kipande cha sabuni, nitaeleza kwa nini. Shuka zito, kwa sababu baridi ya Mei na Juni huku, ikichanganyika na upepo, inamtoa mtu dunguni kuliko mnyama yeyote. Viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Kidumu cha haja ndogo, na usicheke: wengi walioumwa na nyoka aitwaye kifutu hawakuwa wakipigana na nguruwe, walikuwa wameshuka mara moja tu kujisaidia.

Simu iwe na chaji na iwe na namba tatu: ya mwenyekiti wa kitongoji, ya afisa wanyamapori au askari wa wanyamapori wa kijiji, na ya bodaboda mliyekubaliana naye kabla kwamba ukimpigia saa nane usiku atakuja. Mlipe kitu kidogo cha kumfanya akumbuke. Hiyo namba ya tatu ndiyo watu husahau, na ndiyo inayoweza kukufikisha hospitali.

Chakula ni ugali na mlenda, karanga za kukaanga, chai kwenye chupa. Usipande na dagaa, nyama wala mifupa. Usihifadhi matikiti, maboga au magunia ya mahindi chini ya dungu, na pombe ibaki nyumbani. Tembo ananusa mazao yaliyovunwa kutoka mbali, na dungu lenye gunia chini yake yeye hulihesabu kama ghala.

Mbwa? Hapa wazee wetu hawakubaliani. Mbwa anakuamsha mapema, hilo kweli. Lakini chui anapenda mbwa kuliko mbuzi, na mbwa aliyekurupushwa na tembo hukimbilia kwa bwana wake akiwa amemleta mgeni nyuma yake. Mimi namwacha nyumbani.

Hatua ya 3: Sikia kwanza, mulika baadaye

Mzee mmoja Msandawe tunayepakana naye shamba ndiye aliyenifundisha kazi hii bila kunifundisha. Kila asubuhi nikipita kwake alikuwa na swali moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Jana umesikia nini?"

Hakuwahi kuuliza nimeona nini. Mwanzoni nilidhani ni namna yake ya kusema. Baadaye nikaelewa kwamba anayewasha tochi kila dakika hasikii, na macho yake hayazoei giza, kwa hiyo haoni pia. Kaa bila mwanga nusu saa nzima. Baada ya hapo shamba linaanza kujieleza lenyewe: upepo kwenye mtama ni msuguano usiokatika, mnyama ni msuguano unaokatika. Nguruwe wakija, mara nyingi ni kundi, wanaguna chini chini na kuvunja mabua mfululizo kama watu wanaovuna kwa pupa. Digidigi hukanyaga, husimama, hukanyaga. Nungunungu anatembea na mlio wake, miba inagongana kama mtu aliyebeba furushi la vijiti vikavu.

Ukishajua sauti inatoka wapi, ndipo uelekeze tochi, uwashe mara moja, usome macho. Tazama urefu kutoka ardhini, umbali kati ya jicho na jicho, na mwendo wake. Vijicho vingi vidogo kama umande kwenye majani ni buibui, usiamshe mtu. Macho yaliyokaribiana, chini, yanayotambaa bila kuruka ni ya kanu au paka pori. Yanayoruka kutoka tawi hadi tawi ni ya komba. Yaliyoachana, usawa wa kiuno, yanayokutazama, yanageuka, kisha yanakutazama tena kutoka mahali pengine, ni ya fisi. Makubwa yaliyo juu na yanayotafuna ni ng'ombe wa mtu, na hiyo ni kesi ya asubuhi kwa mwenyekiti.

Na kama kuna kitu kinasogea, unakisikia kabisa, lakini macho hayawaki? Ni nguruwe. Au ni binadamu. Sisi nasi macho yetu hayawaki usiku, na hapo ndipo kazi hii inapokuwa ya hatari. Msimu mmoja nilisikia kitu kinafukua kwenye karanga, nikamulika, nikaona mgongo ulioinama, macho hakuna. Nikaweka jiwe kwenye kombeo. Kabla sijazungusha nikakohoa tu, na mgongo ukajibu: "Ni mimi shemeji, nimedondosha simu." Alikuwa ametoka kilabuni, amepiga njia ya mkato, anapapasa kwa mikono na magoti. Tangu siku hiyo siweki jiwe kabla ya kuuliza "Nani?" mara tatu, kwa sauti ya kusikika. Nguruwe hajibu, hukimbia. Mtu atajibu, hata akiwa mwizi atasema uongo wowote.

Nyongeza ndogo kuhusu majina. Ukisikia watu wanasema "ngiri ameharibu shamba usiku," wasikilize kwa heshima lakini jua kwamba ngiri ni mnyama wa mchana, usiku yuko shimoni. Anayekuja usiku ni nguruwe pori, mwenye manyoya mengi na masikio yaliyochongoka. Mashimo anayolala ngiri mengi yamechimbwa na mhanga, na ukitembea gizani bila kuangalia utayajua kwa kifundo cha mguu.

Hatua ya 4: Mgeni na namna yake ya kupokelewa

Wa kwanza kukutisha atakuwa mdogo kuliko wote. Komba akilia juu ya mgunga saa tano usiku, mtu mgeni husema kuna mtoto ametupwa. Mwache alie. Hana shida na wewe, anatafuta wadudu na utomvu. Kosa lake ni kwamba akikuta pombe ataionja, ndiyo maana tunasema mtu kalewa kama komba.

Nungunungu anakula karanga, maboga na mizizi ya muhogo, kwa hiyo ni mgeni mwenye hasara. Harushi miba, hayo ni maneno ya mtaani. Anachofanya ni kugeuka na kukurudia kwa mgongo kwa kasi, na miba inachomoka na kubaki mwilini mwako. Debe linatosha. Usishuke kumfukuza kwa fimbo.

Nyegere hana ugomvi na mtama. Atapita akielekea kwenye mizinga, kama unayo, na atakachokifanya huko utakikuta asubuhi. Ngozi yake ni nene na imelegea, mbwa akimng'ata yeye anageukia ndani ya ngozi na kumng'ata mbwa. Hakuna heshima utakayoipata kwa kupambana naye. Kaa juu.

Fisi anahitaji maelezo zaidi. Wapo watakaokwambia fisi wa saa nane usiku ni wa mtu, na kwamba aliyempanda unamfahamu. Mimi sibishani na wazee, ila nasema hivi: awe wa mtu au wa porini, taya ni lile lile. Fisi aliyekuona umekaa wima na una tochi kwa kawaida anaondoka. Anayepata matatizo ni aliyelala chini, nje, uso wazi. Usilale chini ya dungu kwa sababu juu kuna upepo. Usilale kando ya moto ukidhani moto ni mlinzi, maana moto unazimika na wewe umeshalala. Akizungukazunguka, simama, jifanye mkubwa kwa kutandaza shuka, piga debe, mmulike usoni bila kuzima. Usikimbie hata kidogo.

Chui hutamsikia akija. Ukibahatika utasikia sauti yake kwa mbali, kama mtu anapasua mbao kwa msumeno butu, anakwenda na kurudi. Ukisikia hiyo, usiku huo hushuki kwa jambo lolote, na kama mko wawili mkae mgongo kwa mgongo. Ukikutana naye uso kwa uso njiani, usimtazame kwa ukali, usimpe mgongo, rudi nyuma pole pole ukiongea kwa sauti ya kawaida, na mwachie njia ya kuondoka. Chui aliyejeruhiwa au aliyebanwa ni jambo jingine kabisa, ndiyo maana hatumrushii mawe.

Sasa tembo, ambaye ndiye hasa nilitaka kumfikia. Watu hudhani mnyama mkubwa hivyo atatangaza kuja kwake. Hatangazi. Miguu yake ina nyama laini chini, anaweza kuwa hatua ishirini kutoka kwako na ulichosikia ni majani kukatika na mngurumo mzito kama tumbo la mtu mwenye njaa. Mngurumo huo ni mazungumzo, maana yake hayuko peke yake.

Akiwa mbali, nje ya shamba, na ninyi mko wengi kwenye madungu ya jirani, fanyeni kelele za pamoja kutoka upande mmoja, upande wa kijiji, mkimwachia porini pawe wazi. Tochi kali zinazowaka na kuzima, honi, madebe. Msimzunguke. Tembo aliyezungukwa anachagua sehemu ya kutokea, na sehemu hiyo ina mtu. Vijiji vyenye askari waliofundishwa huenda kwa ngazi: mwanga kwanza, kisha honi, kisha poda ya pilipili inayolipuliwa hewani, fataki mwisho. Hiyo ya pilipili na fataki waachie wao.

Akiwa tayari yuko karibu au chini ya dungu, geuza kila kitu. Zima tochi. Nyamaza. Usimwage maji, usikohoe, usijaribu kushuka ukimbie kwa sababu hakuna mwanariadha wa kijiji anayemshinda tembo mbio. Tuma ujumbe wa simu ukiwa umefunika mwanga kwa shuka. Mwache ale. Najua inauma, ni jasho lako la tangu Desemba, ukiona anavyong'oa unaona ada ya mtoto inang'oka. Lakini mtama huota tena. Akitanua masikio na kutikisa kichwa, anakuonya. Akiyalaza masikio nyuma na kukunja mkonga, maonyo yamekwisha, na hapo kitu pekee cha maana ni kuwa juu zaidi au nyuma ya kitu kigumu. Tembo mwenye mtoto mdogo mpe nafasi maradufu.

Ndiyo maana kazi ya tembo hufanywa mchana, kabla hajaja. Kamba ya katani iliyofungwa vitambaa, ikapakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa ya kusaga, ikazungushwa upande wa pori, inawapunguza. Mvua ikinyesha paka upya, hapo ndipo wengi huchoka. Mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kila mita kumi na kuunganishwa kwa waya nayo inasaidia, na unapata asali. Kasoro yake ni kwamba nyuki lazima wawemo. Mzinga mtupu tembo anaujua.

Nyoka babu yangu hakuruhusu tumtaje usiku, tulimwita kamba. Kwa ajili ya mwongozo nitawataja. Kifutu amelala njiani, hakimbii, na ukimkanyaga anauma. Swila hutema mate na hulenga macho. Koboko ni wa mchana zaidi, ila anaweza kulala kwenye nyasi za paa la dungu lililoachwa wazi muda mrefu, ndiyo sababu ya kugonga jioni. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi na usisugue. Ukiumwa: vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, tuliza kiungo kisicheze, mpigie yule bodaboda. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze saa nzima ukitafuta jiwe la nyoka. Zahanati huenda haina dawa ya sumu, kwa hiyo mtu apige simu mbele kuuliza hospitali ya wilaya au ya mkoa wakati wewe uko njiani.

Sabuni niliyosema ni kwa ajili ya kuumwa na mbweha, nyegere, fisi au mbwa asiyejulikana. Mnyama wa porini anayekuja kwako bila woga, anayeyumba au kudondosha ute, huenda ana kichaa cha mbwa. Hata mkwaruzo mdogo uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda ukaanze chanjo siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili, hauna tiba.

Amebaki mgeni wa nadra. Ukikuta kitu kama nanasi kubwa lenye magamba kimejikunja njiani, hicho ni kakakuona. Anakula mchwa na sisimizi, hana meno, mazao yako hayamhusu. Zamani akionekana aliwekewa nafaka, maji na silaha ili atabiri mwaka, na kijiji kizima kilikusanyika. Siku hizi kuna watu wengine wanaokusanyika: wanaonunua magamba. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona duniani. Hapa nyumbani kukutwa naye kwenye gunia ni kesi ya nyara za Serikali, na kesi hizo huingia kwenye uhujumu uchumi. Usimbebe hata kwa nia njema, wala usipige picha na kuituma kwenye makundi ya simu ikionyesha mahali. Mwache ajikunjue aondoke. Akiwa amejeruhiwa, mpigie afisa wanyamapori na ubaki hapo mpaka afike.

Hatua ya 5: Kushuka

Usishuke kabla hujaona mistari ya kiganja chako bila tochi. Ukilazimika kushuka usiku, mulika ngazi yote kwanza, kisha ardhi, kisha duara zima, halafu piga debe ungoje kidogo. Kanyaga chini kwa kishindo. Nguruwe dume aliyejeruhiwa, au jike mwenye watoto wenye michirizi mgongoni, hakimbii kila mara, na meno yake yanapasua paja. Usiingie ndani ya mtama kumfuata. Mtama umefika usawa wa kichwa, wewe humwoni, yeye anakunusa. Ngurumo za radi zikianza usingoje uonyeshwe: dungu katikati ya shamba ndicho kitu kirefu kuliko vyote, na hapo bora kulowa ukielekea nyumbani mapema.

Hatua ya 6: Asubuhi

Kama kuna uharibifu, zuia watu na mbuzi wasikanyage nyayo. Piga picha nyayo ukiweka kiatu au kalamu pembeni ya kulinganishia, piga picha ya mazao, hesabu mistari iliyoliwa. Siku hiyo hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, na umtake afisa kilimo na afisa wanyamapori waje kuona. Kwenye mapori ya akiba wanaohusika ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali na waharibifu, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa. Tembo yumo. Jina lenyewe linakwambia siyo fidia, na pesa yake huchelewa, ila asiyeandikisha haipati kabisa. Weka nakala ya fomu yako, kwa sababu makaratasi hupotea kuliko mbuzi.

Ukikuta mzoga wa nguruwe, usiupeleke nyumbani wala usiwape nguruwe wa kufugwa mabaki yake. Nguruwe pori na ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua, lakini banda la jirani yako linaweza kwisha lote kwa wiki chache.

Halafu teremsha shuka, likung'ute, acha debe na firimbi pale pale juu. Kwelea kwelea wanaanza kufika jua likigusa masuke, na zamu ya kuwaamia ni ya wale waliolala nyumbani.